Kuhariri Picha za Video kwa Vyombo vya Bei Ndogo

Wako vijana wengi wapendao kutengeneza picha za video, na wengi wao hukata tamaa kabla ya kuanza. Husema, "Hatuna programu za gharama kama walizo nazo wenye studio mjini, basi kazi yetu haitafaa kitu." Mimi nasema sivyo. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Jembe la bei kubwa mikononi mwa mvivu halioteshi mpunga, na jembe la kawaida mikononi mwa mwenye bidii hujaza ghala. Ndivyo ilivyo katika kazi hii. Uzuri wa picha hutoka katika kuchagua, kupanga, kusikiliza na kusema kweli. Na mambo hayo manne hayauzwi dukani.

Nitaeleza hayo kwa kufuata kazi moja tuliyoifanya wanafunzi 5 wa shule hii. Ni picha ya dakika 4 juu ya vyungu vya Wakisi viuzwavyo katika soko la Lyulilo. Msomaji asiyepajua Lyulilo yafaa aambiwe kwamba ni kijiji kilicho karibu na Matema, wilaya ya Kyela, mahali ambapo Ziwa Nyasa hukoma upande wa kaskazini, na milima ya Livingstone huteremka hata ukingoni mwa maji. Ni kijiji chetu sisi wawili kati ya hao watano. Siku ya Jumamosi kina mama wa Kikisi huja kutoka Ikombe kwa mitumbwi iliyojaa vyungu, na wanunuzi huwangojea pwani. Kazi ya kufinyanga ni ya wanawake, na mabinti hujifunza kwa mama zao na bibi zao.

Kwanza tulimwendea mtu mmoja wa mjini mwenye studio, tukamwuliza bei ya kutuhariria. Bei aliyotaja ilizidi akiba yote ya chama chetu. Wengine wetu walitaka kuiacha kazi. Ndipo mwalimu wetu wa kompyuta alipotuambia, "Programu ya bure ipo ndani ya kompyuta za shule. Kilichopungua ni mtu wa kukaa nayo." Basi tukakaa nayo.

KUHARIRI NI NINI?

Mfinyanzi hachukui udongo wote aliouchimba akaufanya chungu. Huondoa mawe na mizizi, akaukanda, kisha ndipo aanzapo kuumba. Mwenye kuhariri picha naye ndivyo afanyavyo. Huchukua vipande vingi vilivyopigwa, huondoa visivyofaa, huvikata vilivyobaki kwa urefu upasao, huviunga kwa mpango, kisha huvitia sauti, maandishi na rangi iliyo sawa.

Lakini kuunga si kubandika tu. Vipande viwili vikikaa pamoja huzaa maana ya tatu. Jambo hili lilipimwa na Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, katika miaka ya kwanza baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso ule ule usiobadilika, akauunga na picha ya sahani ya mchuzi, kisha na picha ya maiti, kisha na picha ya mwanamke. Watazamaji walidhani wameona njaa, huzuni na mapenzi, wala uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Maana ilikuwa katika kiungo. Nguvu hii iko katika programu ya bure sawasawa na iliyo katika programu ya mamilioni ya shilingi.

WALIOTANGULIA

Vyombo vya bei ndogo si habari mpya katika nchi yetu. Filamu ya upana wa milimita 16 ilitolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa kawaida kupigia picha nyumbani kwao. Wenye sinema kubwa walitumia ile ya milimita 35. Hata hivyo, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham waliitumia filamu hiyo ndogo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kutengeneza picha zipatazo 35 za kufundisha kilimo, afya na mambo mengine. Picha hizo zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Sauti haikuwa ndani ya filamu, bali katika sahani za santuri zilizochezwa pamoja na picha, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi ile. Somo la sauti nitalirudia mbele.

Jirani zetu wa Uganda wametoa mfano ulio karibu zaidi. Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa mmoja wa Kampala, alikuwa mfyatua matofali. Kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya zamani, alitengeneza picha iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010. Gharama yake inasemekana haikufika dola 200 za Kimarekani, nayo imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Mwaka 2019 picha yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la sinema la Toronto, nchini Kanada.

Hata wenye fedha hawafuati upya wa chombo. Picha ya Parasite ya Korea ya Kusini ilipata tuzo 4 za Oscar mwezi wa Februari 2020, pamoja na ile ya picha bora. Mhariri wake, Yang Jin-mo, aliikata kwa Final Cut Pro 7, programu ambayo kampuni ya Apple iliacha kuiuza tangu mwaka 2011. Mtu hutumia jembe alilolizoea mkono wake.

PROGRAMU ZIPATIKANAZO

Kwa kompyuta ziko Kdenlive, Shotcut na OpenShot. Zote tatu ni za bure kabisa, wala hazibandiki chapa yao juu ya kazi yako. OpenShot ni nyepesi kujifunza. Kdenlive ina mambo mengi zaidi, nayo ndiyo tuliyoitumia sisi. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, hasa katika rangi, lakini huhitaji kompyuta yenye nguvu, na kompyuta za shule nyingi haziiwezi. Mwenye kompyuta ya Apple ana iMovie bila malipo. Kwa simu ziko CapCut, KineMaster na nyingine. Baadhi ya mambo yake ni ya bure na baadhi ni ya kulipia, na KineMaster isiyolipiwa huacha chapa katika picha. Windows Movie Maker, ambayo kaka zetu walijifunzia, iliondolewa na Microsoft mwaka 2017. Asitafute mtu nakala yake katika intaneti, maana nyingi ni mitego ya virusi. Vivyo hivyo programu ya kulipia iliyoibwa haifai: ni kosa, na mara nyingi huleta ugonjwa katika kompyuta.

Programu hizi zote hufanana katika jambo moja. Chini ya kioo pana mistari mirefu ambayo juu yake hulazwa vipande, picha mistari yake na sauti mistari yake, kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata muda. Ajuaye moja atajifunza nyingine kwa siku chache.

KUPIGA KWA KUFIKIRI MKATO

Kwa kuwa wanafunzi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, tulipiga picha zetu wakati wa likizo ya Juni, kwa simu ya mjomba wangu. Kabla ya kupiga tuliwaomba kina mama ruhusa, tukawaeleza picha itaonyeshwa wapi. Kisha tulishika kanuni hizi:

1. Simu ilazwe kwa mapana, nayo iegemee kitu kisichotikisika. Sisi tuliiegemeza juu ya mfuko wa mchanga.

2. Kila kipande kidumu sekunde 10 au zaidi bila kusogeza simu. Kipande kifupi mno hakikatiki.

3. Kila tendo lipigwe mara tatu: kwa mbali, kwa kati na kwa karibu. Mama akipamba chungu, tumwone yeye na ua wake, kisha kifua na mikono, kisha kidole kikipita juu ya udongo. Pasipo picha za karibu mhariri hana pa kukatia.

4. Uso usiwekwe na ziwa nyuma yake wakati wa jua kali. Simu huufuata mwanga wa maji, na uso wa mtu mweusi hugeuka kivuli. Mgeuze akabili mwanga, kisha shikilia kidole juu ya uso wake katika kioo hata simu ifunge kipimo.

5. Chagua idadi moja ya picha kwa sekunde, usiibadilishe. Katika nchi yetu 25 ni idadi njema, maana umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hazitameti ovyo ukichanganya 25 na kipimo cha mwanga cha sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Simu isiyo na 25 itumie 30 tangu mwanzo hata mwisho, na ile sehemu 1 ya 50 ibaki vile vile.

6. Shika upande mmoja. Ukisimama ufukoni Lyulilo ukilitazama ziwa, Ikombe iko kushoto kwako. Basi mtumbwi uonekane daima ukitoka kushoto kwenda kulia. Ukipiga kipande kimoja kutoka ufukoni na kingine kutoka ndani ya maji, mtazamaji atadhani mtumbwi umegeuka unarudi Ikombe na vyungu vyake.

KUPANGA KATIKA DAFTARI

Tulirudi na dakika 72 za picha. Dakika moja huchukua zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo mzigo wetu wote ulikuwa karibu gigabaiti 9. Jambo la kwanza lilikuwa kuweka nakala mahali patatu: katika kompyuta, katika diski ya mwalimu, na katika kadi ya kumbukumbu iliyofungiwa kabatini. Ile picha ya Nabwana niliyoitaja haina tena nakala yake ya asili, kwa kuwa diski haikuwa na nafasi ya kuihifadhi pamoja na kazi iliyofuata. Yaliyobaki ni yale yaliyokwisha kutolewa, yenye sauti ya mtangazaji juu yake.

Chumba cha kompyuta tulikipata kwa muda wa saa 2 tu kwa juma. Kwa hiyo kazi kubwa tuliifanya katika daftari. Tulitazama vipande vyote mara moja, tukaandika namba ya kila kipande, kilichomo, dakika inayofaa, na alama: kizuri, cha kati, kibaya. Kisha darasani, wakati wa maandalio ya jioni yakiisha, tulikata vipande vya karatasi, kila kimoja kikiwa na namba yake, tukavipanga juu ya dawati. Tulivigeuza mara nyingi bila kutumia umeme hata kidogo. Tulipoingia katika chumba cha kompyuta tulijua la kufanya. Nawashauri wote wenye kompyuta chache: daftari ni programu ya kwanza ya kuhariri.

Mpango wetu ulikuwa huu: udongo, mikono, moto, ziwa, soko. Mtoto mdogo angeweza kuufuata.

KUKATA NA KUUNGA

Kompyuta zetu ni za zamani, nazo zilikwamakwama zikicheza picha nzito. Dawa yake imo ndani ya Kdenlive: programu hutengeneza nakala nyepesi ya kila kipande, wewe hukata hizo nyepesi, na mwishoni yenyewe huzirudia zile halisi. Kazi haipungui uzuri. Pia umeme hukatika bila kubisha hodi; hivyo kila baada ya dakika chache mmoja wetu alitamka "Hifadhi!" na mwenye kibao akabonyeza.

Katika kukata tulifuata mambo matatu. Kwanza, kata katikati ya tendo. Mama akiinua chungu, anza kuinua katika picha ya mbali, umalize katika picha ya karibu. Jicho hufuata mkono, halioni kiungo. Pili, kila kipande kiwe na kazi yake. Tulikuwa na picha nzuri sana ya jua likichomoza juu ya milima; ilisifiwa na wote, lakini haikusema lolote juu ya vyungu, ikaondoka. Tatu, programu za bure zimejaa mapambo: picha kugeuka kama ukurasa, nyota kuruka, maandishi kucheza. Yaache. Mkato mtupu hutosha mara 19 katika 20. Picha kufifia iwekwe pale tu muda mrefu unapopita, kama usiku kati ya kuchoma na safari ya ziwani.

SAUTI NI NUSU YA KAZI

Watu huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti isiyosikika huwafanya waondoke. Simu huchukua sauti ya upepo wa ziwa kuliko ya mtu. Sisi tulitumia simu ya pili kama kinasa sauti, tukaifunika kwa kipande cha sponji na kuiweka karibu na msemaji, nje ya picha. Kabla ya kuanza, mtu hupiga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Katika programu, pale viganja vinapokutana ndipo mlio wa kofi unapowekwa, na maneno yote yatalingana na midomo.

Tena kila mahali nasa dakika moja ya utulivu pasipo mtu kusema: mawimbi, kuku, moto ukilia. Ukiweka sauti hiyo chini ya maneno, viungo vya maneno hufichika. Kipimo cha sauti kisifike sifuri, maana hapo hupasuka; maneno yakae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na muziki uwe chini zaidi. Mara nyingine itangulize sauti mbele ya picha: watazamaji wasikie soko kabla ya kuliona. Ni hila ndogo, bali huunga sehemu mbili vizuri kuliko pambo lolote.

Muziki wa watu usichukuliwe hivi hivi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huwalinda watungaji. Sisi tuliimbiwa na wenzetu wa kwaya ya shule wimbo walioutunga wenyewe.

RANGI NA MAANDISHI

Vipande vya asubuhi vilikuwa na ubuluu, vya jioni vilikuwa na wekundu. Tafuta katika kila kipande kitu unachokijua kuwa cheupe, ukasawazishe kwa hicho. Kisha tazama nyuso. Nyuso za watu zikiwa sahihi, picha imekuwa sahihi. Usitie rangi kupita kiasi hata udongo ukawaka kama rangi ya mlango.

Baadhi ya kina mama walisema Kikisi, kwa hiyo tuliandika Kiswahili chini ya picha. Maandishi yasizidi mistari 2, nayo yakae muda wa kutosha mtu kuyasoma mara mbili. Tafsiri tuliisomesha kwa mzee ajuaye lugha zote mbili kabla ya kuibandika.

KUSEMA KWELI

Sasa nafika katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Mama mmoja alisema hivi: "Ndoo za plastiki na sufuria zimeingia, vyungu havitoki kama zamani, lakini maharage ya chungu hayana mpinzani, na watu wanarudi." Mtu akikata baada ya neno "zamani," amemfanya mama huyo alie msiba. Akibakiza mwisho tu, amemfanya atangaze biashara. Maneno yote mawili aliyasema yeye, lakini hakusema moja peke yake. Tuliyaacha yote.

Jambo la pili lilitugawa. Katika kuchoma, chungu kimoja kilipasuka motoni. Wenzangu wawili walitaka kipande hicho kiondolewe ili picha iwe nzuri na wanunuzi wasiogope. Wengine walitaka kibaki. Kwa kuwa hatukukubaliana, na kwa kuwa programu huruhusu, tulitengeneza nakala 2, moja yenye mpasuko na moja pasipo. Mwalimu akasema, "Waamue wenye vyungu." Alituombea ruhusa, akaja nasi Lyulilo Jumamosi moja pamoja na kompyuta yake, tukawaonyesha kina mama katika duka lenye giza, tukianza na ile isiyo na mpasuko.

Yafaa nikumbushe hapa kwamba William Sellers, aliyekuwa kiongozi katika Idara ya Filamu za Makoloni ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Waafrika wasiozoea sinema hawawezi kufuata picha zikatwazo upesi. Kwa hiyo watengenezewe picha za vipande virefu visivyo na hila. Fundisho hilo lilifuatwa kwa miaka mingi. Basi katika duka lile alikuwamo bibi mmoja, mfinyanzi tangu utoto. Picha ilipokwisha aliuliza, "Wajukuu zangu, vyungu vilivyoingia motoni ni tisa. Vilivyotoka ni nane. Kimoja kimekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu ila kumwonyesha nakala ya pili. Aliitazama kimya, kisha akasema, "Hii ndiyo. Mnunuzi akibishana nami bei, hajui kile kilichopasuka nani anakilipa. Mwacheni aone." Kina mama wengine wakaitikia. Hapo mabishano yetu yakaisha, na nakala yenye mpasuko ndiyo iliyoonyeshwa shuleni siku ya wazazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuitoa picha yako, waonyeshe watu watatu wa namna mbili: wanaoijua kazi uliyoipiga, na wasioijua kabisa. Wa kwanza watakuonyesha uongo, wa pili watakuonyesha mahali pasipoeleweka. Usijitetee wakati wanasema. Andika.

KUTOA NAKALA

Nakala ya kuhifadhi itolewe kwa ukubwa kamili, yaani mistari 1080, katika faili la MP4. Nyingine ndogo ya mistari 720 itolewe kwa kupelekwa kwa simu, maana si kila mtu ana bando la kutosha. Gharama yetu yote ilikuwa nauli, kadi ya kumbukumbu, na sponji ya kuoshea vyombo. Programu haikutugharimu hata senti moja. Nakala moja tumeiacha Lyulilo katika simu ya binti wa yule bibi, naye huwaonyesha wanunuzi wanaobisha.

ZOEZI

1. Kwa ruhusa ya mzazi wakati wa likizo, piga vipande 10 vya kazi moja ifanyikayo nyumbani kwenu: kukoboa mpunga, kuanika kakao, kushona nyavu au kazi nyingine. Kila kipande kidumu sekunde 10.

2. Andika vipande hivyo katika karatasi, uvipange kwa njia mbili zilizo mbalimbali. Eleza maana imebadilikaje.

3. Viunge viwe picha ya dakika 1 bila pambo lolote, kisha mwonyeshe yule aliyefanya kazi hiyo. Mwulize swali moja tu: "Ni nini nilichokiacha?"

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne